Kimkia cha Jina la Mihayo

Pale Buguruni, ukielekea Malapa, ukiuliza fundi wa vanishi utaonyeshwa banda la mabati lenye vitanda vimepangwa nje, vinang'aa mpaka paka anajitazama humo. Mafundi ni wawili. Anwar anaranda na kupigilia misumari. Mwishehe anapiga vanishi. Kitanda kinatoka kwa Anwar kimepauka kama goti la mtoto aliyeoga asipakwe mafuta. Kikitoka kwa Mwishehe, bwana harusi anaona haya kukikalia.

Ukikaa ukamtazama akifanya kazi, utagundua ana desturi moja. Kabla hajagusa brashi anachukua kitambaa, anakilowesha kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, anafuta. Anaondoa vumbi, jasho na mafuta ya mikono ya watu, maana vanishi haikai juu ya uchafu. Amefuta mbao nyingi kiasi kwamba mkono umekuwa na akili yake. Mdomo unaweza kuwa uko kwenye mpira wa jana, macho yako barabarani, mkono unaendelea wenyewe na haukosei. Watu walikuwa wanamsifia hilo. Na yeye alikuwa anajisifia.

Sasa nikujulishe kwa Bibi Anastasia, maana bila yeye hakuna habari. Ni mjane, nyumba ya tatu kutoka bandani, Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa mjini na mume aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Na Mwishehe ni Mzaramo. Wanaojua wanajua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao walipokutana kwenye misafara, na mtani haamkiwi, anatukanwa. Bibi yule ni makamo ya mama yake Mwishehe, lakini hakuna siku uliyowahi kusikia shikamoo kati yao. Asubuhi akipita na kikapu, Mwishehe anapaza sauti:

"We bibi, bado hujafa tu? Mie nimeshachonga jeneza, mbao zinaliwa na mchwa!"

"Nife nimwachie nani mtumwa wangu? Umeuza shamba la baba yako ukacheza ngoma, nikifa utaenda kula wapi?"

"Heri mie nilikuwa na shamba. Nyie mmekuja mmebeba mizigo ya watu kichwani, na michembe ya viazi mfukoni."

"Na michembe hiyo ndiyo iliyokukuza. Tazama kichwa hicho, kiazi kitupu!"

Mtaa unacheka, siku inaanza. Mtu mgeni angedhani wanagombana. Siku Mzee Mihayo, mume wa bibi, alipofariki, Mwishehe ndiye aliyeingia wa kwanza, akalala kwenye mkeka wa msiba akidai marehemu aondoke, hapo ni pake yeye. Bibi alikuwa hajafumbua mdomo tangu alfajiri. Alicheka, kisha ndipo akaweza kulia. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Mzee Mihayo alipiga gitaa. Mchana reli, jioni bendi, na gitaa lake lilikuwa moja tangu ujana: la mbao, rangi ya chai ya rangi, tumbo limechubuka pale kucha zilipopita. Katika miaka yake ya mwisho kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono ukawa kama umeazimwa. Gitaa likakaa ukutani, yeye akalitazama. Bibi akawa anamfanyisha mazoezi kama alivyoelekezwa na manesi: shika kijiko, shika kalamu, bonyeza mpira. Siku mkono ulipokubali, mzee hakuomba kijiko. Aliomba gitaa literemshwe na aletewe maka peni. Akaandika jina lake chini ya nyuzi, pole pole, herufi zinatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Mihayo. Kisha chini yake akavuta mstari mmoja mrefu unaopinda mwishoni, kimkia. Kimkia hicho kilitoka kwa mkupuo, bila kutetemeka, kama mkono wa zamani umerudi kuaga.

"Maisha yangu yote sikuwahi kuliandika," alisema. "Nilidhani wote mnajua ni langu."

Hakuandika kitu kingine tena.

Alipokwisha kuzikwa, bibi akawa na mazoea yake. Kila asubuhi baada ya sala anapitisha kidole juu ya lile jina, kisha anakibusu kidole. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, kwa hiyo alikuwa anaona kwa kugusa kuliko kutazama. Kugusa huko kukaanza kula wino. Waumini wenzake wakashauri mengi. Mmoja akasema abandike selotepu. Akaogopa itakuja kung'oka na jina. Mwingine akasema lifungiwe kwenye kabati la vioo. "Nilifungie amefanya nini?" akauliza. Mwisho akalibeba mwenyewe, amelifunga kwa kitenge kama mtoto mgonjwa, akalipeleka bandani.

"Mzaramo, leo sina utani. Nataka jina hili likae hata nikifa mie. Unaweza?"

Mwishehe akalichukua, akaligeuza kwenye mwanga. Alikuwa makini, hilo lazima tulikubali. Akamweleza kwamba wino ule hauelewani na thina, unaliwa mara moja, kwa hiyo vanishi yake ya vitanda haifai. Angetafuta vanishi ya maji, angepaka kwa brashi ndogo, tabaka juu ya tabaka, bila kusugua. Akapiga picha kwa simu, kama anavyopigaga kila kazi aonyeshe watu ilivyokuwa na ilivyokuja kuwa.

"Nenda kalale, bibi. Hilo jina litakaa mpaka Wanyamwezi wajifunze kuogelea."

Bibi akaondoka anacheka.

Kesho yake asubuhi gitaa liko mezani juu ya blanketi. Vanishi ya maji iko pembeni, mpya, haijafunguliwa. Brashi ndogo iko pembeni. Upande wa pili kuna kichwa cha kitanda kinachosubiri zamu, na kopo la thina, na kitambaa. Anwar, huku anaranda, akauliza:

"Hivi juzi yule bibi alikuambiaje kuhusu kichwa chako?"

"Usinikumbushe! Ananiambia ati sie Wazaramo tukizaliwa tunapimwa, mwenye akili anarudishwa..."

Anwar akacheka mpaka akaacha randa. Mwishehe naye akazidi kunogesha, akaiga sauti ya bibi, akaiga anavyoshika kiuno. Mdomo uko kwenye utani, macho yako kwa Anwar, na mkono, ule wenye akili yake, ukaokota kitambaa, ukachovya, ukafuta.

Anwar ndiye aliyenyamaza kwanza.

Mwishehe akatazama chini. Mbao ilikuwa safi, safi sana, inasubiri vanishi. Kimebaki kimkia peke yake, kimeponea chini ya kitambaa kwa upana wa kidole. Akakigeuza kitambaa. Wino ulikuwa humo, doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Mihayo alikuwa kwenye kitambaa.

"Braza," Anwar akasema, "nenda kamwambie sasa hivi. Kabla hata thina haijakauka."

"Kamwambie nini?"

"Hicho hicho nilichokiona."

Mwishehe hakwenda. Alikaa juu ya ndoo, kichwa mikononi, mpaka jua likahamia upande wa pili wa banda. Ndipo akaikumbuka picha kwenye simu. Laiti asingeipiga! Akachukua vipande vya plaiwudi na maka peni, akaanza kujifunza. Herufi zenyewe hazikuwa taabu. Taabu ilikuwa mkono wake. Ulikuwa umezoea kunyooka, na jina lile lilitaka mkono unaotetemeka. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Akajaribu kwa kulegeza kiwiko. Fikiria, mtu mzima mwenye afya yake anakaa anaigiza kiharusi cha jirani yake aliyemzika. Anwar alifunga sanduku la vifaa akaondoka, hakuaga.

Mwisho likapatikana linalofanana. Akaliandika juu ya kimkia. Akafungua vanishi ya maji, akapaka tabaka juu ya tabaka, kama alivyoahidi. Likakaa. Kila alichomwahidi bibi kikatimia, ila jina tu.

Siku ya kulirudisha alikuwa ameamua kusema. Aliniapia hivyo na mie namwamini. Alipofika, uani kwa bibi kulikuwa na wageni, wanawake wa jumuiya wamekaa kwenye mkeka wanachambua mchele, na bibi alipomsikia akaanza kutoka mbali:

"Haya, mtumwa wangu kaja! Umelimaliza au umelicheza ngoma?"

Na yeye, kabla hajafikiri, akajibu kwa ile ile sauti ya kila siku:

"Jina la mumeo nimelifuta, bibi. Hilo hapo nimeliandika mwenyewe!"

Uani kulilipuka. Bibi alicheka akashika mbavu, akapangusa machozi kwa ncha ya kitenge.

"Wewe? Wewe uandike? Shule ulikwenda kula uji! Tazameni, jamani, limekaa kama lilivyo!" Akapitisha kidole, akakibusu.

Mwishehe akacheka nao. Akanywa chai aliyopewa. Njiani kurudi alijiambia: nimesema. Mbele ya mashahidi nimesema, asiyeamini shauri yake. Akalirudia hilo siku nyingi, kila akipita mlango ule. Lakini mtu hujijua. Alikuwa ameusema ukweli kwa njia pekee ambayo usingeaminiwa, na mdomo wake ulijua unachofanya kama mkono ulivyojua.

Ikawa kila asubuhi akiona mlango wa bibi umefunguliwa, anajua ndani kidole kinapita. Utani akaendelea nao, maana angeuacha angeulizwa. Lakini ulimtoka mkavu. Akimwita bibi maiti, anaona aibu. Bibi akimwita mwizi wa mashamba, anashtuka. Hata kazini alibadilika. Alianza kufuta kwa kuangalia, jicho halitoki kwenye mbao, na wateja wakalalamika kwamba fundi siku hizi anachelewesha. Anwar hakumsema tena. Aliacha tu kuuliza bibi kasemaje.

Kisha wakaja madaktari wa macho, wale wanaopima watu mtaani bure. Bibi akapimwa, akaambiwa mtoto wa jicho ameiva, atafanyiwa upasuaji wiki inayofuata, na akipenda Mungu ataona kama msichana. Mtaa ulifurahi. Watu walikuwa wanamsimamisha njiani kumpa hongera. Akafika bandani akinyanyua fimbo yake.

"Mzaramo! Kaa chonjo, nakuja kukuona ulivyo. Nimekuwa nikikutukana kwa kukisia!"

"Utajuta, bibi."

"Wa kwanza kumtazama nikitoka, unajua nani? Mihayo wangu. Lile jina. Nataka nilione kwa jicho, si kwa kidole."

Akaendelea na safari yake. Mwishehe alibaki na brashi mkononi. Na hapo, katikati ya mchana, vumbi la randa linaelea na redio ya jirani inaimba, wazo likapita moyoni mwake, halikubisha hodi: *labda isifaulu.*

Akaiweka brashi chini. Alitaka kujiambia hakuliwaza, lakini lilikuwa limeshapita na yeye alikuwa ameshaliona sura. Mwanamke aliyemtukana kwa upendo miaka yote, na yeye amemwombea giza, ili doa la kitambaa chake lisionekane. Wino aliufuta kwa bahati mbaya. Hili halikuwa bahati mbaya.

Hakumaliza kitanda kile. Alinawa mikono, akavua kofia, akaenda. Bibi alikuwa peke yake uani, anaanika mboga kwenye ungo.

Mwishehe akasimama mbele yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya ungo. Aligeuza uso kule sauti ilikotoka, anatafuta kwenye ukungu wake.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama."

"Sasa unaniamkia nini? Mwishehe, unanitisha. Kaa. Sema."

Akakaa chini, si kwenye kigoda. Akasema yote, kitambaa, thina, utani wa Anwar, picha, vipande vya plaiwudi. Akasema hata jinsi alivyoutetemesha mkono. Alitaka kusema na lile wazo la mchana. Hilo hakulisema.

Bibi alipeleka mkono kwenye ungo. Mboga ikaanguka, hakuiokota.

"Siku ile mbele ya wanawake ulisema kweli."

"Nilisema kweli, mama."

"Ukaniacha nikacheka."

"Nilikuacha."

"Na asubuhi zote hizi nimekuwa nabusu mkono wako."

Mtu mwingine angeichukulia hiyo kama utani, maana maneno yalikuwa na umbo la utani. Lakini hakuna aliyecheka. Mwishehe alisubiri atukanwe, na tusi lolote angelipokea kama maji ya kunywa. Bibi alisema tu:

"Nenda. Nikitoka hospitali nitakuita. Uje na thina yako."

Upasuaji ulifaulu. Bandeji zilipoondolewa, mtaa mzima ulikwenda kumwona, na alikuwa anawataja watu mmoja mmoja: wewe umenenepa, wewe umeota mvi. Mwishehe alingoja aitwe. Akaitwa.

Gitaa lilikuwa kwenye meza ya sebuleni. Bibi alimtazama kwanza, kwa macho mapya, muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha barabara. Kisha akaomba simu. Akaipanua picha kwa vidole viwili, akaiweka kando ya gitaa.

"Hapa," akasema. "Baada ya h. Unaona pengo? Aliinua kalamu, akachoka. Nilikuwa nimemshika kiwiko, akaniambia ngoja, akapumua, ndipo akaendelea. Wewe umeliunga."

Mwishehe akatazama. Kweli, picha ilikuwa na pengo jembamba. Mkono wake wa fundi haujui kuacha pengo. Ulikuwa umeliziba bila kumuuliza.

"Na kimkia?"

"Kimkia ni chake, mama. Sikukigusa. Naapa."

"Basi futa lako. Acha lake."

Akatoa utepe wa karatasi wanaoutumia wapaka rangi, akaubandika juu ya kimkia, akaubonyeza pembe zote kwa ukucha. Akachukua msasa laini, akaikwangua vanishi pole pole. Kisha kitambaa chenye thina. Safari hii macho hayakutoka kwenye mbao hata alipohisi jasho linamwingia. Jina lile la uongo likalainika, likavimba, likahamia kitambaani. Bibi alisimama karibu, anatazama kila herufi inavyoondoka. Hakulia. Mwishehe ndiye aliyelia, na alijitahidi machozi yasidondoke juu ya mbao.

Alipobandua utepe, kimkia kilikuwa pale, cheusi, kirefu, kimepinda mwishoni. Juu yake mbao tupu. Bibi akapitisha kidole kwenye ule utupu, kisha kwenye kimkia. Akalitundika gitaa ukutani mwenyewe.

"Picha nitumie," akasema. "Na kutaniana, tupumzike kwanza."

"Mpaka lini, mama?"

"Sijui."

Misa ya mwaka wa marehemu ilipofika, ndugu walikuja kutoka Tabora. Wakaulizia gitaa: mbona tuliambiwa kuna sahihi? Mwishehe alikuwa mlangoni na ndoo ya maji, akasikia, akasubiri jina lake litajwe. Bibi akasema, "Imefutika. Wino, jamani. Kimebaki hicho kimkia, na kimkia kinanitosha." Akawageukia wengine. Mwishehe aliona heri angetajwa.

Watani wa Kizaramo walikuwa wengi uani siku hiyo. Wanadai kuku mzima, wanaficha viatu vya mapadri, mmoja amejifunga kitenge cha bibi anaiga anavyotembea. Wanamwita Mwishehe aje aongoze, yeye ndiye bingwa. Yeye anapasua kuni, anateka maji, hasemi. "Unaumwa?" wakamuuliza. Akasema mgongo.

Chakula kilipoiva, watani walivamia sufuria kama ilivyo haki yao, wananyang'anyana nyama kwa mikono, wanatukanwa na wapishi. Mwishehe alikuwa amejisogeza kwenye kivuli cha ukuta. Ndipo akamwona bibi anakuja, kanyooka, fimbo hana siku hizi, amebeba sahani safi imefunikwa kwa kawa, na maji ya kunawa kwenye birika. Akamwekea mbele, juu ya kigoda, kama anavyowekewa mgeni wa heshima kutoka mbali.

"Karibu chakula, Mwishehe."

"Ahsante, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Akarudi kwa watani wake, na mara sauti yake ikasikika inawaita wezi wa mashamba, na uani kote wakacheka. Mwishehe akafunua kawa. Pilau lilikuwa zuri, nyama imechaguliwa. Akanawa, akatia tonge mdomoni, akawa anatafuna huku akisikiliza matusi yale yanavyogawiwa kwa wengine.